Mtu wa Kumi

Dalenda Ghorbel alikuwa akimvizia Profesa Chedli Bouattour tangu mwaka aliomzika mumewe. Faili la Profesa lilipoangukia mezani kwake pale Wizara ya Afya, alilifungua kwa adabu na hakumwambia mtu yeyote kwamba ana kisa naye. Mkaguzi mwenye kisa hapewi kesi. Kwa bahati yake, aliolewa na Lotfi Zouari akabaki na jina la baba yake kama wanawake wenzake wote, kwa hiyo hakuna karani aliyekumbuka kuunganisha majina hayo mawili. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Lotfi ndiye aliyekuwa akimpigia Profesa hesabu zamani. Siku namba fulani zilipoleta maswali, Profesa alisimama mbele ya watu akasema kijana wake amezibuni. Lotfi akafukuzwa, akawa mtu wa kukaa sebuleni akitazama ukuta, na moyo wake ukasimama kabla hajapata mvi.

Sasa Profesa alikuwa anasema maneno yale yale juu ya mtakwimu mwingine, Wajdi Masmoudi. Kamati ya maadili ingekaa alasiri ya siku hiyo hiyo. Ikitia sahihi, Wajdi angeitwa mghushi maisha yake yote. Dalenda alikuwa ameapa moyoni kwamba safari hii sahihi haitawekwa.

Alimkuta Wajdi katika mkahawa ulio mkabala na kituo cha utafiti wa ubongo, hapo Sfax, ameketi kona ya mwisho, ndevu hazijanyolewa. Meza ya pili wazee walikuwa wanacheza karata kwa kelele, wakipiga meza kana kwamba imewakosea.

"Unataka nini hasa?" Dalenda aliuliza akivuta kiti. "Usafishwe jina?"

"Nataka aanguke, Bibi Mkaguzi. Jina langu baadaye."

"Vizuri. Mimi pia napenda watu waanguke. Lakini anguko linahitaji hesabu. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

Alichokuwa anajua Dalenda kutoka kwenye faili kilikuwa kifupi. Profesa alitengeneza kofia ya umeme kwa ajili ya watu waliopooza mkono baada ya kiharusi. Katika jarida aliandika kwamba aliwajaribu wagonjwa tisa: wanne walivaa kofia yenye umeme, watano wakavaa kofia hiyo hiyo umeme ukiwa umezimwa. Kisha wote walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI. Sehemu inayoongoza mkono iliwaka zaidi kwa wale wanne, na uwezekano kwamba tofauti hiyo ni ya bahati tu uliandikwa kuwa 0.00397. Wizara ilitaka uwe chini ya tano katika elfu ndipo kofia iruhusiwe hospitalini. Kofia ikaruhusiwa. Halafu msomaji mmoja wa ng'ambo akaliandikia jarida kwamba namba hiyo haiwezekani kwa watu tisa, na Profesa akajibu kwa mstari mmoja: kijana wangu wa hesabu ameghushi.

Wajdi aliinuka, akawaomba wazee pakiti yao ya akiba, akachambua kopa zote. Pakiti yao haikuwa na nane, tisa wala kumi, kwa hiyo kopa zilikuwa kumi kamili. Moja akaiweka kando. Tisa akazipanga juu ya meza.

"Hizi ni bongo tisa," alisema. "Karata kubwa, ubongo umewaka sana. Karata ndogo, umewaka kidogo." Akachukua vipande vinne vya sukari, akavikalisha juu ya karata nne kubwa kuliko zote. "Sukari ni umeme. Sasa anatokea mbishi anasema, umeme wako si kitu, hao wanne wangewaka tu. Namjibu: sawa, kama umeme si kitu, basi sukari ingeweza kukaa juu ya karata yoyote. Nahamisha sukari kwa kila mpangilio unaowezekana, na kila mara napima tofauti. Mwisho nauliza, ni mipangilio mingapi imefikia tofauti ile ya kweli?"

"Hapa hakuna utakaoifikia. Wenye sukari ndio wakubwa wote."

"Haswa. Huu ni ushindi usio na juu yake. Lakini sukari nne juu ya karata tisa zina mipangilio mia na ishirini na sita tu, na ule wa kweli ni mmojawapo. Ukishinda kabisa kabisa, unapata moja katika mia na ishirini na sita. Karibu nane katika elfu."

"Na chini ya hapo?"

"Hakuna chini ya hapo. Hiyo ndiyo sakafu. Watu wakiwa wachache, njia nyingine za hesabu zinakutaka uamini mambo usiyoyajua. Hii haikudanganyi, ila ina sakafu, na sakafu huichimbi hata ukija na jembe."

Dalenda alikunywa kahawa. "Profesa anasema uliamuru kompyuta ichanganye mara elfu tano."

Wajdi alicheka kwa uchungu. "Mwambie achanganye mpaka mikono imwote malengelenge. Karata ni tisa, sukari ni nne. Atakuwa anarudia mipangilio ile ile. Kwa bahati namba itayumba kidogo, lakini haiwezi kushuka mpaka nusu. Mimi nilimpa moja katika mia na ishirini na sita. Akaniambia, weka hapo, nitaandika mwenyewe."

"Una ushahidi?"

"Kompyuta yangu wameichukua."

"Kwa hiyo 0.00397 ni uongo mtupu."

"Ni uongo kwa watu tisa," Wajdi alisema, na mara akaanza kuivunjavunja sukari iliyobaki kwenye kisahani.

Dalenda alimtazama. Kisha akanyoosha mkono akaichukua ile kopa ya kumi, akaiweka kwenye mstari pamoja na wenzake. Karata kumi, sukari nne. Akatoa simu, akapiga hesabu aliyokuwa ameizoea tangu alipokuwa akisomea ufamasia. Mipangilio mia mbili na kumi. Moja katika hiyo ilitoa 0.00476. Ilipita kizingiti cha Wizara, lakini haikuwa namba ya kwenye jarida. Dakika nzima alidhani amebahatisha vibaya. Akaomba sukari nyingine kwa mhudumu, akaiweka juu ya karata ya tano. Karata kumi, sukari tano. Mipangilio mia mbili hamsini na mbili.

Moja ikagawanywa. Kioo cha simu kikaandika 0.003968.

"Mghushi angeandika 0.004, au 0.001 apate sifa," alisema taratibu. "Hakuna mtu anayebuni 0.00397. Hii ni namba halali, mwanangu. Ni ya watu kumi, watano wakiwa na umeme. Mtu mmoja ametolewa na namba yake imebaki. Alikuwa nani?"

"Mimi hupewa picha, Bibi. Sipewi watu."

"Hukuuliza?"

"Waliniambia picha moja ni mbovu, piga hesabu upya bila yake. Nikapiga."

Hakuinua macho. Dalenda alidhani ni aibu ya mtu aliyefukuzwa kazi, kwa sababu aliwahi kuiona nyumbani kwake mwenyewe. Alilipa kahawa akavuka barabara.

Profesa Bouattour alimpokea kwa tabasamu pana na sahani ya makrudh, vitafunio vitamu vya tende. Alikuwa mtu mrefu, suti safi, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Karibu, karibu, dada yangu mpendwa. Nasikia wewe ni mfamasia. Siku hizi Wizara inatuma wafamasia kukagua ubongo?"

"Tumebaki sisi tu, Bwana Profesa. Wenye akili wote wako kwenye makongamano."

Alicheka, ingawa si sana. Dalenda aliweka simu juu ya meza, akaomba ruhusa ya kurekodi, na Profesa akampungia mkono kwamba rekodi utakavyo.

"Wagonjwa walikuwa wangapi?"

"Tisa. Imeandikwa."

"Hakuna wa kumi? Labda mtu aliyeanza akaacha, akahama mji, akachoka?"

"Tisa, Bibi. Hakuna aliyeanza akaacha. Nikuapie?"

"Niapie, kama haikusumbui."

"Wallahi, tisa."

Dalenda alisikia furaha ikimpanda mpaka kooni, akaimeza pamoja na kipande cha makrudh. Alitaka aape. Mtu akishaapa, hana pa kurudi nyuma.

Ukutani nyuma ya Profesa palikuwa na picha iliyotoka kwenye jarida, imekuzwa na kutiwa fremu ya dhahabu: ubongo wa kijivu, na sehemu ya mkono imepakwa rangi ya moto. Dalenda alisimama mbele yake.

"Hii ni ya mtu gani?"

"Ya kundi zima. Tunawapanga mmoja juu ya mwingine."

"Hapa chini naona giza. Mara mbili. Moja katikati, moja kushoto."

Hakuna kitu ambacho Profesa alipenda kama kufundisha. Aliinuka, akasimama kando yake na kalamu mkononi. "Desturi ya kazi yetu ni hii. Picha ya kundi huonyesha tu sehemu ambazo kila mmoja anazo. Mmoja akikosa hapo, basi kundi lote linakosa. Giza hilo ni hewa iliyo nyuma ya pua. Sumaku ya mashine haielewani na hewa, picha inapotea."

"Zote mbili ni hewa?"

"Zote mbili."

"Na picha hii na ile namba vilitoka pamoja?"

"Siku moja, kompyuta moja. Namba pekee ndiyo aliyoichezea yule kijana." Akarudi kitini, akashusha pumzi ya mtu aliyeonewa. "Hawa vijana wa hesabu ndivyo walivyo. Nilikuwa na mwingine zamani, naye alibuni. Zouaghi, nadhani. Au Zouari. Jina limenitoka."

"Zouari," Dalenda alisema.

"Ulimjua?"

"Nimesoma faili."

Alichukua simu yake, akashukuru kwa makrudh, akatoka. Mtu alimuua mumewe kwa mdomo na hata jina lake hakulihifadhi.

Chumba cha MRI kilikuwa chini, baridi kama buchani. Fundi wake aliitwa Fethia, mwanamke mnene wa makamo aliyejifunga sweta juu ya koti jeupe. Alipoona kitambulisho cha Wizara alianza kupanga vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Mimi nina watoto, dada. Sitaki maneno."

"Sijakuuliza maneno. Nionyeshe picha za wale tisa, mmoja mmoja. Hizo wameruhusu, ziko kwenye orodha ya ukaguzi."

Fethia alizifungua. Wa kwanza alikuwa na giza la katikati, nyuma ya pua. Wa pili vilevile. Wa tatu, wa nne, mpaka wa tisa. Giza la katikati walikuwa nalo wote. La kushoto hakuwa nalo hata mmoja.

"Rudia wa tano," Dalenda alisema. "Rudia wa saba. Sasa fungua ile ya kundi." Akaweka kidole juu ya kioo. "Fethia, wote tisa wana nyama hapa kushoto. Wamewekwa mmoja juu ya mwingine, na nyama imetoweka. Imeliwa na nani?"

Fethia alianza kufuta kioo kwa mkono wa sweta.

"Hii pia ni hewa ya pua?"

"Nani kakuambia hewa?" Fundi alishindwa kujizuia, uongo wa kitoto juu ya kazi yake ulimkera. "Pua iko kushoto? Hicho ni chuma. Chuma cha tayani. Kinafuta kila kilicho juu yake."

"Na kati ya hao tisa nani ana chuma tayani?"

Fethia aliinuka akafunga mlango. Aliporudi alikaa, akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

"Alikuwa mlinda mlango," alisema. "Ami Khmais. Zamani alidakia timu ya mtaa, mshambuliaji mmoja wa Gabès akamvunja taya kwa goti, madaktari wakaliunga kwa bamba. Bamba lenyewe halina hatari, sumaku hailivuti. Kila nikimsukuma ndani ya mashine alikuwa ananiambia, binti, nikidaka mpira humu ndani nani atanipigia makofi? Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa. Alitaka udake tena."

"Alipewa umeme?"

"Alipewa. Na ubongo wake uliwaka kuliko wa wote. Profesa alikuwa anakuja kuutazama na wageni. Akamwongezea umeme." Fethia alitupa jicho mlangoni. "Siku ya mwisho nilimwona kwa mlango ulio wazi. Anatetemeka kwenye kiti mwili mzima, povu mdomoni, kofia bado iko kichwani. Profesa akaufunga mlango. Kesho yake nikasikia amekufa, na nikaambiwa nifute faili lake, kwamba picha ni mbovu. Haikuwa mbovu, dada. Ilikuwa nzuri kuliko zote."

Hapo Dalenda akaiona hesabu nzima. Aliyewaka kuliko wote ndiye aliyekufa kwa kuwaka. Akibaki kwenye kundi, kofia inaua na haiwezi kuruhusiwa. Akitolewa, sakafu inapanda hadi nane katika elfu, na kofia vilevile haiwezi kuruhusiwa. Profesa akafanya kosa ambalo mchuuzi wa mboga asingelifanya, maana mchuuzi hushika mizani mwenyewe: alimtoa mtu, akaiacha nguvu ya mtu huyo ndani ya namba. Miaka yote alikuwa na vijana wa kumhesabia. Hakuwahi kujifunza kwamba namba ya watu kumi haivaliki na watu tisa.

"Utasema haya mbele ya kamati?"

"Nitapoteza kazi."

"Ukinyamaza, kofia inakwenda kwa mlinda mlango mwingine."

Fethia alifuta macho kwa sweta. "Mjane wake anaitwa Mabrouka. Yuko nyuma ya kinu cha zeituni, barabara ya Gremda."

Bibi Mabrouka alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, amejitanda kitambaa cheupe. Alimsikiliza Dalenda mlangoni bila kumkatiza. Gari la kituo lilimleta mumewe hajitambui, wakamwambia ni kiharusi cha pili, mapenzi ya Mungu, na kabla ya alfajiri akafa. Hakuna mkubwa yeyote wa kituo aliyekuja kutoa pole.

"Kwenye kitabu chao mume wangu hayumo?" aliuliza.

"Hayumo, mama. Wameandika kwamba hakuwahi kuwepo."

"Basi ngoja nivae viatu," Bibi Mabrouka alisema. "Nataka nimsikie akilitaja jina lake."

Kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa kituo. Mwenyekiti alikuwa Daktari Essia Krichen, mwanamke wa miwani ambaye tayari alikuwa ameshika kalamu. Profesa aliketi kulia kwake ametulia. Wajdi aliwekwa peke yake mwisho wa meza. Bibi Mabrouka na Fethia walikuwa wanangoja nje, kwenye benchi la barazani.

"Bibi Ghorbel," Daktari Krichen alisema, "tunayo taarifa ya Profesa. Una la kuongeza kabla hatujatia sahihi?"

"Ninalo." Dalenda aliweka simu mezani, na sauti ya Profesa ikajaa chumbani: Tisa, Bibi. Hakuna aliyeanza akaacha. Wallahi, tisa. "Bwana Profesa, ni wewe huyo?"

"Ni mimi. Na nasema tena."

"Watu tisa, wanne wapewe umeme. Kuna njia ngapi za kuwachagua hao wanne?"

Profesa aligeuka kwa mwenyekiti. "Mimi ni daktari wa ubongo. Hesabu za namna hiyo nilikuwa na mtu wa kuzifanya, na ndiyo maana tuko hapa."

"Ni mia na ishirini na sita," Daktari Krichen alisema, akiwa ameanza kukunja uso. "Kijana huyu alitueleza. Ndiyo maana namba haiwezekani."

"Haiwezekani kwa tisa. Kwa kumi, watano wakiwa na umeme, inakaa sawasawa, mpaka tarakimu ya mwisho. Jaribuni wenyewe." Aliwangoja. Wajumbe wawili walitoa simu zao, wakapiga, wakatazamana. "Sasa picha iliyoko ofisini kwa Profesa. Ina giza la kushoto ambalo hakuna hata mmoja wa wale tisa anayelo. Profesa amenieleza mwenyewe, nalo limerekodiwa, kwamba mmoja akikosa, kundi zima linakosa. Kuna mtu wa kumi ndani ya picha hii. Ana chuma kwenye taya la kushoto."

"Yule aliacha mwenyewe!" Profesa alisema. "Picha yake ilikuwa mbovu, haikuwa na..."

Hata yeye aliyasikia maneno yake.

"Nani aliacha?" Dalenda aliuliza kwa upole mkubwa. "Umetuapia kwamba hakuna aliyeacha. Hewa ya pua ndiyo iliyoacha?"

Hakuna aliyecheka. Daktari Krichen aliweka kalamu chini. Dalenda alifungua mlango, na Bibi Mabrouka akaingia na viatu vyake vya sikukuu, akasimama mbele ya Profesa. Fethia alibaki kizingitini, akasema aliyoyaona kwa sauti ndogo lakini bila kuruka kitu: kiti, povu, mlango uliofungwa, faili lililofutwa.

"Mtaje," Bibi Mabrouka alisema.

Profesa alitazama dirisha.

"Mtaje. Ulikuwa unawaleta wageni kumwangalia. Ulimjua kwa jina."

"Khmais," Profesa alisema. "Khmais Dhouib."

"Vizuri," Dalenda alisema. "Na yule mwingine uliyemsahau aliitwa Lotfi Zouari. Hakuitwa Zouaghi. Nilikuwa mke wake."

Daktari Krichen alivua miwani. "Bibi Ghorbel! Hukutuambia."

"Hamkuniuliza. Andika hilo pia, kama unataka, na Wizara inifukuze kesho. Mia mbili hamsini na mbili haijui nimeolewa na nani."

Uso wa Profesa ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na Dalenda aliutazama kwa muda aliotaka. Hakuwa na haraka. Aliona jinsi mkono wa mzee ulivyotafuta glasi ya maji ukaikosa, na hakumsogezea. Utamu wake ulikuwa kama alivyoufikiria miaka yote, na hakuona haya.

Mwenyekiti aliichana taarifa iliyokuwa mbele yake. Alisema kamati inaona Wajdi Masmoudi hakughushi kitu, na kwamba mambo ya Profesa yatapelekwa kwa mwendesha mashtaka leo leo. Mwisho wa meza Wajdi alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Kisha akainuka, akatembea mpaka alipokaa Profesa.

"Mghushi ni nani sasa?" alisema. "Eh, Profesa? Sema, nisikie."

Bibi Mabrouka alikuwa ameshageuka kuondoka. Aliposikia sauti hiyo alisimama.

"Wewe," alisema.

Wajdi alirudi hatua moja.

"Wewe ulikuja matangani. Usiku wa tatu. Ulikaa karibu na mlango, huongei na mtu. Nikakuletea kuskusi kwa mkono wangu, nikakuambia kula, mwanangu, umekonda. Nikakuuliza, ulimjuaje marehemu? Ukaniambia ulikuwa ukimwangalia uwanjani ulipokuwa mdogo."

Chumba chote kikamgeukia. Dalenda aliyakumbuka maneno yake kule mkahawani: Mimi hupewa picha, sipewi watu.

"Ulijua amekufa?" alimuuliza.

"Niliogopa, Bibi Mkaguzi. Angenifukuza." Wajdi alitazama huku na huku. "Nilijua namba itasema. Nilijua atatokea mtu atakayeihesabu."

"Namba ilikuwa imwambie nani?" Bibi Mabrouka aliuliza. "Mimi?"

"Na hao waliovaa kofia baada yake?" Dalenda alisema. "Hao nao walikuwa wangoje mtu wa kuhesabu?"

"Mimi ndiye niliyeonewa hapa! Mwambieni!" Alimshika Dalenda mkono. "Wewe ulisema uko upande wangu. Mama Dalenda, tafadhali. Sisi ni kitu kimoja, mimi na mumeo."

Dalenda aliutoa mkono huo taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akavuta karatasi safi ya Wizara, akafungua kalamu, akamtazama mjane.

"Hapa ninaandika majina ya watakaoshtakiwa, mama. Nianze na Profesa?"

"Anza na huyu," Bibi Mabrouka alisema. "Yule sikumjua. Huyu alikula kwangu."